Mama Dakika Anaomba Kutoka

Kwa miaka ishirini na sita hakuna kibofu kilichowahi kumshinda Mama Dakika. Vilijaribu. Watahiniwa wa chuo cha ufundi alikosimamia mitihani, watu wazima wenye ndevu na watoto wa kusomesha, walinyoosha mkono katikati ya mtihani wakamtazama kwa macho ya kuomba huruma, naye akawatazama kwa macho ya mtu ambaye huruma aliiacha nyumbani. "Mtihani ni wa chuo," aliwaambia, "kibofu ni chako." Saa ya kwanza hakuna kutoka. Nusu saa ya mwisho hakuna kutoka. Katikati hapo, ukimlilia sana, alikutoa, akakusindikiza mwenyewe hadi mlango wa choo, akasimama nje na saa mkononi, akitangaza kila dakika inayopita kwa sauti ya kukufikia huko uliko. Ndiyo maana wakampa jina hilo, na wengi waliosoma pale hawakuwahi kulijua lingine.

Kila aliyetoka aliandikwa kwenye daftari la kutoka: namba yake, saa aliyotoka, saa aliyorudi, sababu. Aliyezidisha dakika tano, karatasi yake ilipelekwa kamatini, kwa kuwa dakika tano zinatosha haja yoyote ya halali, na zinazozidi ni za kusoma vikaratasi vilivyofichwa nyuma ya tangi la maji. Na msimamizi mwenyewe haruhusiwi kutoka ukumbini isipokuwa anamsindikiza mtahiniwa. Kanuni hiyo ya mwisho ilitungwa na Mama Dakika, mwaka alipomkuta msimamizi mwenzake kantini akinywa chai huku ukumbi mzima unanakiliana bila hata kunong'ona. Aliiandika kwa mkono wake, akaipeleka kamatini, akaipigania mpaka ikapita. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini siku ile nani angethubutu kumwambia.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kwa adabu. Damu kidogo tu kwenye karatasi ya chooni, leo ipo, kesho haipo. Akasema ni bawasiri, kwa sababu bawasiri mtu anaweza kukaa nayo bila kumwambia yeyote, na yeye hakuwa mtu wa kumwambia yeyote. Alikaa nayo miezi saba. Mwezi wa nane mumewe, fundi wa kufuli, mtu asiyeuliza maswali mengi kwa sababu kazi yake imemzoesha kwamba kilichofungwa kina mwenyewe, alimwambia siku moja, "Mke wangu, suruali zangu zinakutosha sasa. Twende hospitali." Wakaenda. Kamera ikaingia ilikoingia, na ikaonekana saratani ya puru, pale chini kabisa, karibu na mlango.

Yaliyofuata hakupenda kuyasimulia, nasi hatutamlazimisha. Mionzi, kisu, na mfuko wa kinyesi tumboni kwa miezi mitano ili kidonda cha ndani kipate kupona. Mfuko alielewana nao. Ulikuwa na kelele zake, hasa mbele ya wageni, lakini ulikuwa unajulikana ulipo. Madaktari walipouondoa na kuurudisha utumbo mahali pake, alitoka hospitali akiwa na hakika kwamba shughuli imekwisha.

Daktari alikuwa amemwonya. "Mama, puru ni kama tangi la nyumba," alimwambia. "Maji yanakaa humo mpaka wewe ufungue bomba. Mimi tangi nimelitoa, nimeunga bomba kwa bomba. Kwa hiyo kinachokuja sasa, kinakuja moja kwa moja. Utumbo utajifunza kukitunza, ila utachukua muda." Mama Dakika aliitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia watahiniwa ukiwasomea kanuni. Siku ya nne nyumbani alikwenda chooni mara kumi na tisa, na katika hizo, sita zilikuwa ni kurudia shughuli ambayo alikuwa ametoka kuapa kwamba imekwisha.

Baya zaidi, hakujua tena nani anapiga hodi. Zamani mwili ulimwambia: huu upepo, huu mzigo. Sasa hodi ilikuwa moja kwa wote. Siku moja, mbele ya wifi yake aliyekuja kumjulia hali, aliuamini upepo, na upepo ukamsaliti. Wifi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta muda mrefu sana kwa mkoba mdogo kama ule.

Mumewe alifanya alichoweza. Alikitoa kitasa cha mlango wa choo, baada ya kupima kwamba kukigeuza kunakula sekunde mbili, na sekunde mbili zilikuwa zimeshagharimu zulia. Fundi wa kufuli akawa anaishi na choo kisichofungwa, na kila aliyeingia ilimbidi aimbe ili ajulikane yumo. Mume alikuwa na nyimbo mbili tu, zote za jeshini.

Kutoka kitandani hadi chooni zilikuwa hatua sita. Kutoka jikoni, kumi na moja. Kutoka getini, ishirini na nne, na hizo zilikuwa nyingi mno. Ndani ya wiki tatu dunia yote ya Mama Dakika ilikuwa imeingia ndani ya hatua hizo. Hakwenda sokoni, hakwenda msibani, hakwenda hata kwa jirani. Wifi akamwambia kwa nia njema kabisa, "Si ukae tu nyumbani, wifi yangu? Umepona, umri umeenda, unatafuta nini tena huko?" Maneno hayo yalimtia hofu kuliko kisu. Aliogopa kuwa mwanamke wa hatua sita mpaka siku ya kufa. Akaapa kwamba msimu wa mitihani utamkuta ukumbini, kwa miguu yake, hata kama itabidi akaze kila kinachokazika.

Wa kumfundisha kukaza alikuwa muuguzi wa kliniki ya mifuko, mwanamke mpana mwenye mdomo usio na pazia. "Hapo nyuma, mama, una mlango na una bawabu," alimwambia. "Bawabu amelala miezi mitano, mfuko ulikuwa unamfanyia kazi yake. Sasa tunamwamsha." Kumwamsha kulikuwa na utaratibu. Kukaza misuli ya huko chini kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe, kuhesabu hadi kumi, kuachia, kurudia, kutwa mara tatu. Vidonge vya kupunguza kasi ya utumbo, nusu saa kabla ya chakula. Asubuhi, kuuosha utumbo kwa maji ya vuguvugu kwa mpira maalumu, ili mchana upite kwa amani. Na haja ikija, asikimbie.

"Nisikimbie?" aliuliza Mama Dakika, kwa sababu kukimbia ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kutwa.

"Ukikimbia unaifundisha kwamba ikibisha mara moja tu inafunguliwa. Simama. Kaza. Wimbi litapita. Leo subiri dakika moja. Wiki ijayo mbili. Halafu tano."

Neno dakika likamgusa. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali alitabasamu. Alirudi nyumbani akachukua daftari jipya, akalipigia mistari kwa rula, akaandika juu: namba, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sababu. Kwenye safu ya namba alijiandika moja, kwa kuwa mtahiniwa alikuwa peke yake. Mumewe alipoliona daftari alielewa mara moja nafasi yake katika jambo hilo. Mke alipoingia chooni, yeye alisimama nje ya mlango usio na kitasa, saa mkononi.

"Dakika ya kwanza," alitangaza.

"Niache, mume wangu."

"Dakika ya pili. Umebakiza tatu."

"Nitakufukuza nyumba hii."

"Wenzako walivumilia miaka ishirini na sita," alijibu mume, na akaendelea kuhesabu.

Mara kumi na tisa zikawa kumi na moja. Kumi na moja zikawa saba, na hapo zikagoma miezi miwili mizima, mpaka akalitupa daftari chini ya kitanda na kusema bawabu wake ni mlevi. Muuguzi akamwambia wengine huchukua mwaka, wengine miwili. "Na ya zamani haitarudi, mama, nisikudanganye. Itakuja nyingine, na mtazoeana." Akabadilishiwa saa za vidonge, akapunguziwa maharage na vitunguu, akaambiwa chai ya maziwa aiogope kama polisi. Zikafika tano, siku nyingine nne. Kuna siku alishika dakika kumi na mbili akiwa amesimama sokoni mbele ya muuza nyanya, bila hata muuza nyanya kujua kwamba mbele yake linatendeka jambo kubwa.

Kwa hiyo msimu ulipofika, alivaa sketi yake nyeusi, akaenda chuoni. Kosa lake lilikuwa moja tu. Walipomuuliza alikuwa anaumwa nini mwaka mzima, alisema mgongo.

Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Unaweza kuutaja mbele ya mkuu wako ukiwa umekaa wima. Lakini Mkuu wa Mitihani wa chuo kile alikuwa na huruma ya hatari, hawezi kusikia fulani anaumwa bila kuchukua hatua, na hatua alizochukua zilikuwa mbili. Kwanza, alimtoa kwenye ukumbi wa juu, wenye ngazi, akampeleka ukumbi mpya wa chini, usio na ngazi hata moja. Ukumbi wa juu ulikuwa na choo mlangoni, hatua tisa. Mama Dakika alikuwa amezihesabu kichwani usiku mzima kabla ya kwenda. Ukumbi mpya choo chake kilikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua mia moja arobaini na mbili. Pili, alimtafutia kiti cha mbao ngumu chenye mgongo ulionyooka, akakibeba mwenyewe mpaka ukumbini. "Hiki ni cha mgongo hasa," alisema kwa furaha. Mtu aliyeshonwa alikoshonwa Mama Dakika akikalia mbao ile, anaona nyota saa tatu asubuhi. Alishukuru. Angefanyaje?

Siku ya kwanza ilipita. Ya pili ilipita. Alikuwa haanzi siku bila kuosha, vidonge vilikuwa mfukoni, na wimbi lilipokuja alisimama nyuma ya ukumbi, akakaza, akahesabu, likaondoka. Watahiniwa walipomwona amesimama kimya amekunja uso walidhani ameona mtu ananakili, wakainamia karatasi zao.

Siku ya tatu Mkuu alimwita ofisini kabla ya mtihani. Alikuwa amemwandalia chai ya maziwa, kikombe kikubwa, ameimimina kwa mkono wake mwenyewe, ya kumkaribisha tena kazini. Mkuu wako akikumiminia chai kwa mkono wake, huwezi kumwambia kwamba unaiogopa kama polisi, hasa kama ugonjwa wako ni mgongo. Mama Dakika alikunywa. Alikunywa mpaka chini, kwa sababu Mkuu alikuwa anamtazama.

Mtihani siku hiyo ulikuwa wa mafundi bomba, daraja la kwanza, watahiniwa hamsini na wanane. Msimamizi mwenzake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwenye maneno machache. Saa moja na dakika tano baada ya mtihani kuanza, hodi ya kwanza ilipigwa. Akasimama, akakaza, akahesabu. Wimbi likapita. Dakika nne baadaye likaja jingine, kubwa kuliko kaka yake. Akakaza. Likapita nusu, nusu nyingine ikabaki inasubiri. Alitazama mlango. Alitazama kanuni iliyobandikwa ukutani, yenye mwandiko wake. Akamtazama mwalimu wa hesabu, ambaye kama angemwacha peke yake na watu hamsini na wanane ingekuwa ni Mama Dakika mwenyewe wa kuandikwa kwenye taarifa. Njia ilikuwa moja.

"Kuna anayetaka kwenda nje?" aliuliza.

Ukumbi ukaganda. Kalamu zote zilisimama. Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, na hakuna aliyekuwa mjinga wa kuuingia mtego ule. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele, ambaye kwa kweli alikuwa amebanwa tangu saa tatu, alikunja miguu na kutikisa kichwa kukataa.

"Nasema anayetaka kwenda aende. Ni haki yenu," aliongeza Mama Dakika, na jasho likamtoka juu ya mdomo. "Msijitese. Haja si kitu cha kuzuia."

Waliposikia hivyo wakaogopa zaidi. Ndipo kule nyuma ukanyanyuka mkono. Ulikuwa wa mtahiniwa mmoja aliyejulikana na chuo kizima kama Fundi Bomba, mtu wa miaka arobaini hivi, anayefanya kazi hiyo kwa ustadi mji mzima lakini cheti kimemkataa mara tatu. Mwaka uliopita Mama Dakika alimkatalia kutoka, akamaliza mtihani wake amesimama kwa mguu mmoja. Kabla hajafungua mdomo Mama Dakika alikuwa ameshafika kwenye dawati lake. Mwalimu wa hesabu aliinuka, kwa kuwa mwanamume husindikizwa na mwanamume.

"Kaa," Mama Dakika alimwambia, na mwalimu wa hesabu akakaa.

Nje, jua likiwa limewaka, alikwenda kwa mwendo wa bibi harusi, magoti yakiwa pamoja, mgongo umenyooka, macho mbele. Fundi Bomba alimfuata nyuma.

"Mama, samahani," alisema walipofika katikati ya uwanja. "Mimi nilitaka karatasi ya ziada."

"Utaipata."

"Sijabanwa, mama."

"Tembea," alisema Mama Dakika bila kufungua meno.

Walipofika kwenye vyoo alimwonyesha ukuta kwa kidole. "Simama hapo. Usiondoke." Akaingia upande wa wanawake. Alifika. Tuseme hivyo tu, alifika. Chai ya Mkuu haikuwa na haraka ya kumalizana naye. Kila alipodhani imekwisha, ilikumbuka neno jingine la kusema. Alipotoka, ameshanawa na uso umerudi mahali pake, alimkuta Fundi Bomba amesimama palepale, ameuelekea ukuta, mikono miwili ameiweka kichwani, vidole vimeachana, ili asipatikane hata ndege wa kusema alikuwa anasoma kitu. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Walirudi ukumbini. Akampa karatasi ya ziada, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akalifungua daftari la kutoka. Angeweza kuandika dakika nne. Hakuna ambaye angejua. Lakini mkono uliokuwa haujaandika uongo kwenye daftari lile miaka ishirini na sita ulikataa, akaandika kumi na moja. Kwenye safu ya sababu aliandika: tumbo. Hakuandika la nani.

Alijua alichofanya. Alijiambia ataeleza baadaye, faraghani, kwa Mkuu. Ilipofika jioni alijiambia kesho. Kesho yake alipita mbele ya ofisi ya Mkuu mara tatu, na mara zote tatu alikumbuka shughuli nyingine. Siku iliyofuata barua ilikuwa imetoka: kamati inakaa kumjadili mtahiniwa wa ufundi bomba aliyekaa nje dakika kumi na moja, sababu iliyoandikwa ni tumbo, na msimamizi anatakiwa awepo kuthibitisha. Mume alimwona hali chakula. "Kuna kitu kimefungwa humo," alisema akimwonyesha kifuani, "na mimi sina ufunguo wake."

Kamati ilikuwa Mkuu na wajumbe wawili, nyuma ya meza ndefu. Mama Dakika alipewa kiti pembeni, na Mkuu alikuwa hajasahau kukileta kile cha mbao. Fundi Bomba alisimama mbele, amevaa shati lililopigwa pasi kwa wasiwasi.

"Unatuhumiwa," alisema Mkuu, "kwamba ulikaa nje dakika kumi na moja, na ulipoingia ukaandika jibu la swali la sita ambalo ni safi kupita kiasi. Ulikuwa chooni unafanya nini?"

Mama Dakika alishika pindo la sketi. Sasa huyu bwana atasema, aliwaza. Atasema, nami nitaulizwa mbele ya wanaume hawa watatu.

"Tumbo, mzee," alisema Fundi Bomba.

Mama Dakika aliinua uso.

"Lilikuwa na nini?"

"Maharage, mzee."

"Dakika kumi na moja?" aliuliza mjumbe.

"Yalikuwa maharage mengi, mzee."

"Na swali la sita?"

"Mtu akiwa na utulivu anafikiri vizuri."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akasema ni mara ya nne huyu bwana anafanya mtihani huu, na waliokata tamaa ndio wanaoficha vikaratasi. Mwingine akataja kanuni: matokeo kufutwa, na miaka miwili bila kufanya mtihani wa chuo. Fundi Bomba alimeza mate lakini hakugeuka kumtazama Mama Dakika hata mara moja. Mkuu ndiye aliyegeuka. "Mama, ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Wewe unathibitisha kwamba sababu ilikuwa tumbo?"

"Nathibitisha," alisema Mama Dakika. Akakiona kile kinachoandikwa na mjumbe, akaona aibu iliyompanda mpaka masikioni, aibu kuliko ile ya zulia na ya mkoba wa wifi. "Lakini si lake."

Kalamu ikasimama.

"Ni langu. Mwaka jana nilikuwa na saratani ya puru. Wameikata yote. Tangu hapo choo kikinijia hakinipi nafasi. Siku ile kilinijia, na kanuni yangu hainiruhusu kutoka bila mtahiniwa, basi nikamkamata huyu, aliyekuwa anataka karatasi. Alisimama nje ananisubiri mimi."

Mjumbe wa kushoto alitazama dari. Wa kulia alianza kupanga kalamu zake kwa urefu. "Lakini mama," alisema Mkuu taratibu, "mgongo..."

"Mgongo wangu ni mzima kama wa punda."

Jambo la Fundi Bomba likafutwa palepale, karatasi yake ikarudishwa kwa wasahihishaji, naye akaambiwa atoke. Wajumbe nao wakakumbuka vikao vingine. Mkuu alibaki, amehuzunika kweli, mikono amefumbata. "Ungeniambia mapema, mama. Sasa nenda nyumbani ukapumzike. Msimu huu nitatafuta mtu mwingine. Na mwakani tutaona. Afya kwanza." Alisema kwa huruma yake yote, na huruma ya namna ile haina pa kuishika ili ubishane nayo. Mama Dakika alikuwa amechoka. Watu watatu walikuwa wamemtazama wakiwaza makalio yake. Alisema sawa, akachukua mkoba, akatoka, na kichwani alikuwa tayari anaziona zile hatua sita zikimsubiri.

Fundi Bomba alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa nje. Alisimama alipomwona.

"Kwa nini ulidanganya?" Mama Dakika alimwuliza. "Wangekufungia miaka miwili."

"Barua ilisema uliandika tumbo, mama. Nikasema anayeandika hivyo hataki lijulikane la nani."

"Mimi nilikusimamisha kwa mguu mmoja mwaka jana."

"Nilikulaani sana," alikubali Fundi Bomba. "Mpaka nyumbani."

"Basi ungeniacha niumbuke."

Fundi Bomba alitazama mikono yake. "Marehemu mama yangu alikuwa na tatizo hilohilo baada ya upasuaji. Sauti zile za chooni nazijua. Yeye hakutaka kutoka tena. Nilimjengea choo cha ndani, nikamwekea kingine karibu na geti, mimi si fundi? Hakutoka. Miaka minne, mama, hata harusi yangu aliisikia kwa simu. Siku ile ulipotoka mle chooni, umejifuta uso, unarudi kusimamia watu, nilikutazama nikasema, kumbe inawezekana kutoka. Sikutaka niwe mimi wa kukurudisha ndani."

Mama Dakika alilia kidogo, bila kuficha, kwa kuwa aliyemsikia akiwa chooni hana cha kufichwa. Kisha alimpa Fundi Bomba mkoba wake amshikie, akageuka, akaufungua mlango wa Mkuu bila kubisha.

Mkuu alikuwa na simu sikioni, anatafuta msimamizi mwingine.

"Iweke chini," alisema Mama Dakika. "Kesho nasimamia. Ukumbi wa juu, na wasimamizi tuwe watatu, na ile kanuni yangu naifuta mimi mwenyewe. Nitawatangazia watahiniwa kabla ya kuanza, nimepasuliwa utumbo, nitatoka mara mbili au tatu. Anayetaka kucheka acheke hapo, kabla karatasi hazijagawiwa."

Mkuu aliiweka simu chini. "Mama yangu, kaa kwanza tulizungumze vizuri," alisema, na akaanza kukivuta kile kiti.

"Tutazungumza nikirudi," alisema Mama Dakika. "Sasa hivi naomba kutoka, naenda chooni." Akatoka, na uwanjani, mbele ya watu wote, hakukimbia.